Babu wa Tano wa Khadija

Dakta Guled alifika nyumbani kwangu Ansab, hapa Muscat, siku ya pili ya azaa, matanga ya Bi Batuli, baada ya alasiri, amevaa suti ya kijivu na kofia ya Kibarawa kichwani. Kofia ilikuwa mpya, alama za kukunjwa dukani bado ziko juu yake. Zamani nilimsikia mtu huyu kwa masikio yangu akizicheka kofia hizo, akisema ni za washona nguo na wauza halua, na leo kaivaa kwenye msiba wa Mbarawa, mtu wa mji wa Barawa pwani ya Somalia, ili watu wamwone. Hakwenda moja kwa moja upande wa wanaume, ambako wanangu walikuwa wametandika mazulia na kufunga kipaza sauti kwa ajili ya khitima. Alizunguka mpaka mlango wa jikoni, akanipa pole kwa Kiswahili chake cha Dar es Salaam alikosomea, kisha akasema haja yake pale pale, mimi nimesimama na dele la kahawa mkononi.

"Bi Zuwena, marehemu alikuwa mama wa taifa letu. Nimekuja na wenzangu, tutarusha maneno kwa simu moja kwa moja, Wasomali dunia nzima wasikie. Wewe ndiye uliyekuwa karani wa Kamati. Niandikie ukurasa mmoja tu juu yake, nitausoma mwenyewe."

"Mama wa taifa?" nikamuuliza.

"Mama wa taifa," akasema, hata jicho halikumpepesa.

Sikuhitaji kuambiwa alichokifuata. Anatafuta kiti kikubwa kwao, na kwao viti vinagawiwa kwa koo: koo nne kubwa, kila moja fungu zima, na waliobaki wote, Wabarawa wakiwamo, wanapewa fungu nusu. Ndivyo walivyokubaliana watu wazima wenye akili zao, kwamba kuna wananchi wazima na kuna wananchi nusu. Sasa kura za wale wa nusu zimekuwa na thamani, na Dakta Guled, ambaye ukoo wake ni wa fungu zima, amegundua uzeeni kwamba Wabarawa ni ndugu zake wa damu. Bi Batuli aliishi nami miaka tisa ya mwisho wa maisha yake na mtu huyu hakuwahi hata kumpigia simu ya Idi. Nikaweka dele chini. Nikamwambia aende akakae na wanaume, ukurasa wake nitamwandikia.

Kabla ya ukurasa huo nieleze mwaka wenyewe wa Kamati. Nasaba yangu, wapi nilizaliwa, babu yangu nani na babu yake nani, hayo nayaruka, na siyaruki kwa unyenyekevu. Ni kwamba mwaka ule mmoja nilisikia nasaba za kunitosha umri mzima. Itoshe kusema nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza shule, nasubiri kuitwa kazini wizarani, na nilikuwa nakaa kwa Ami Khalfan, ndugu yake baba, Madinat Sultan Qaboos. Ami alikuwa akiingiza mbuzi na kondoo kutoka Berbera, kwa hiyo Wasomali wa Muscat wote walimjua. Serikali ya Mogadishu ilipoporomoka na watu kuanza kukimbia, wakubwa wao waliokuwa hapa waliunda Kamati ya kuwasaidia wakimbizi, na Ami, mtu wa moyo mkubwa na mdomo mzito, akawapa majlis yake, sebule ya wageni, kila Ijumaa baada ya sala. Mimi nilikuwa najua kupiga taipu. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye siasa za Somalia, kupitia mashine ya taipu iliyowekwa kwenye meza ndogo ndani ya ukumbi wa kati, nyuma ya pazia, ili nisikie bila kuonekana.

Nilisikia mpaka nikachoka. Walikuwa wanaume tisa au kumi, na majina ya koo zao siyataji, kwa sababu wajukuu zao wanaishi hapa na hawajanikosea. Walizungumza Kisomali wenyewe kwa wenyewe, na Kiarabu au Kiswahili walipotaka Ami afahamu. Dakta Guled alikuwa mwenyekiti, aliyekuwa na cheo fulani katika serikali iliyoanguka, na yeye wimbo wake ulikuwa umoja. Taifa moja, lugha moja, dini moja, bendera ya nyota yenye ncha tano, na kila ncha ni nchi ya Wasomali iliyoibiwa na lazima irudi. Aliyasema hayo huku akichambua mifupa ya mbuzi. Mbele yake alikaa Mzee Samatar, mtu wa kaskazini, mrefu, ndevu nyekundu za hina, ambaye watu wake walikuwa wameshajitangazia nchi yao na bendera yao. Kwa Mzee Samatar nyota ya ncha tano ilikuwa kitambaa cha kupangusia miguu. "Nchi yenu imekufa, izikeni," alikuwa akimwambia Guled kila Ijumaa, na kila Ijumaa Guled alikuwa akimjibu kwamba yeye ni msaliti, kisha wote wawili wanapeleka mikono kwenye sinia moja. Ikipoa mizozo, Mzee Samatar alisimulia mambo ya kale. Alihesabu babu zake mmoja baada ya mwengine mpaka zaidi ya ishirini, na kila babu alikuwa na kisa chake, na kaka zake, na visima vyake. Wengine walitikisa vichwa kwa raha. Mimi nyuma ya pazia sikuelewa visa, lakini majina yalinikaa. Nilikuwa nayarudia wakati wa kuosha vyombo.

Chakula kilipikwa na Bi Batuli. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mjane, aliyeletwa Muscat na familia moja kabla ya vita na kubaki jikoni kwa Ami familia ile ilipohama. Kibarawa chake, ambacho ni Kiswahili cha kaskazini kabisa na mara nyengine hatukukifahamu, alikiweka kando akizungumza na sisi. Wali wake wa bizari aliuandamiza na ndizi mbivu, wanavyopenda Wasomali, na kwa ajili yake mwenyewe alijichomea mkate wa mofa kwenye chungu alichokitengeneza uani. Wale wanaume walimwita kwa kupiga makofi. Walikuwa wakila kwake kila wiki na hakuna aliyejua jina la baba yake. Aliponifasiria maneno yao jikoni alifanya hivyo kwa sauti ya chini na bila ladha, kama anayesoma bei za sokoni. "Leo wanasema sisi sote ni ndugu," alinambia siku moja. "Barawa kila mwenye bunduki aliyepita alikuwa ndugu yetu. Wa kwanza alichukua dhahabu, wa pili alichukua milango, wa tatu hakukuta kitu akachukua wasichana."

Mdogo wake, Khadija, alikuwa kwenye kambi nje kidogo ya Mombasa, peke yake, na kifua kibovu. Walikuwa wakipelekeana habari kwa kanda za kaseti, kama watu wote wakati ule. Kanda inakuja na msafiri, Bi Batuli anafunga mlango wa jikoni, anaiweka kwenye redio, na sauti ya Khadija inatoka pamoja na kikohozi chake na makelele ya watoto wa kambini. Nilizisikia mbili au tatu. Khadija alikuwa mcheshi. Alieleza mahema yalivyovuja akalipa kila hema jina la mtaa wa Barawa. Mwisho wa kila kanda alikuwa akiuliza jambo lile lile: "Dada, wameshaniandika?"

Kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa hilo. Ami alikuwa amepata ahadi ya vibali vya kuingia nchini vya watu kumi na wawili, yeye mwenyewe akiwa kafili, mdhamini wao, na kazi ya kuchagua hao kumi na wawili akawaachia Kamati. Bi Batuli alimkabili Dakta Guled jikoni, mimi nipo, akamwomba nafasi moja. Guled akaweka mkono kifuani. "Dada Batuli, wewe unatulisha. Jina la nduguyo litakuwa la kwanza." Bi Batuli alilia, akamfungia sambusa za kwenda nazo. Hiyo picha ya Guled akitoka na mfuko wa sambusa mpaka leo inanitia kinyaa.

Orodha iliwachukua Ijumaa saba. Hawakuuliza nani mgonjwa, nani ana watoto. Waliuliza wa nani. Kila jina lilitakiwa liandikwe na babu zake saba, ili ijulikane linahesabiwa fungu gani, na kila ukoo ulikuwa ukilinda fungu lake kuliko ulivyowahi kuilinda nchi. Umoja wa Dakta Guled na nchi mpya ya Mzee Samatar vilikuwa vikielewana vizuri sana kwenye hesabu hiyo. Ijumaa ya saba walinipa karatasi niipige taipu. Majina yalikuwa kumi na moja. La kumi na mbili waliliacha wazi, koo mbili zilikuwa zikiligombea. La Khadija halikuwepo, si la kwanza wala la mwisho.

Nilimwonyesha Bi Batuli. Aliitazama karatasi, akarudi kwenye vitunguu vyake. "Hawawezi kumwandika," akasema. "Watamhesabu wapi?" Basi. Na mimi kwa ujinga wangu nikaelewa kwamba Wabarawa hawana babu wa kuwataja.

Sasa niseme nilichokifanya na kwa nini nilikiona ni chepesi. Sisi tuliotoka Unguja tulipokuja Oman tulitakiwa tuwe na kabila. Sheikh wa kabila anashuhudia kwamba huyu ni wetu, anatia sahihi, na pasi inatoka. Wengi walikuwa na karatasi zao na kumbukumbu zao. Lakini wako waliopoteza kila kitu, na hao walitafutiwa sheikh mwenye huruma, wakanywa kahawa, wakashuhudiwa, na wajukuu zao leo wanatembea kifua mbele na jina hilo. Nilimwona Ami mwenyewe akimshuhudia jirani yetu wa Malindi ya Unguja ambaye, Mungu anisamehe, hata Ami hakuwa na uhakika naye. Kwa hiyo akilini mwangu nasaba ilikuwa kitu anachopewa mtu na watu wema akikihitaji. Nikakaa kwenye mashine, na palipoachwa wazi nikapiga: Khadija binti fulani bin fulani, babu saba, wote nimewatoa kwenye visa vya Mzee Samatar. Ili asionekane dada yake Mzee Samatar wa tumbo moja nilichanganya kidogo, na wa tano nikaweka jina nililolipenda kwa mlio wake tu, kumbe ni la kaka wa mmoja wa babu zake. Nilifurahi. Niliona nimewaweza.

Ijumaa iliyofuata Dakta Guled aliisoma orodha kwa sauti, sinia limeshawekwa. Alifika la kumi na mbili akaanza kusita, lakini alikuwa ameshazoea kusoma, akaendelea. Kwenye babu wa tano Mzee Samatar aliinua mkono wenye wali.

"Rudia."

Guled akarudia.

"Huyo alitumbukia kisimani kabla ya kuoa," Mzee Samatar alisema kwa Kiarabu, ili Ami naye asikie. "Hana mtoto. Kila mbuzi kwetu anajua kwamba hana mtoto. Nani huyu aliyezaliwa na maiti?"

Majlis ililipuka. Watu wa Guled walisema ni hila ya kaskazini kuiba nafasi, watu wa kaskazini wakasema ni hila ya Guled kuwachafulia jina. Bilauri ilivunjika. Kisha mmoja akasema, subirini, Khadija si nduguye mpishi? Wakapiga makofi. Bi Batuli alitokea na sinia la ndizi, akasimama mlangoni mwa majlis, na mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yake, nyuma ya pazia langu.

"Nani kaandika hivi?" Ami akauliza. Hakuwa mkali, alikuwa na aibu mbele ya wageni.

Bi Batuli alitazama karatasi. Alikuwa anajua kusoma vizuri kuliko nusu yao. Alijua pia kwamba nyumba nzima anayegusa mashine ile ni mtu mmoja. "Mimi, bwana," akasema. "Nilimwambia mtoto aandike, akaandika. Yeye hajui kitu."

"Zuwena, kweli?" Ami akaniita kupitia pazia.

Nimekuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kulifikiria jibu langu. Nilikuwa sina cha kuogopa. Nani angenifanya nini? Ningegombezwa, ningenyimwa kwenda soko la Matrah wiki mbili. Nikasema, "Ndiyo, Ami."

Hapo ndipo nilipowaona wamoja kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Umoja aliouimba Guled mwaka mzima ulitimia mbele ya macho yangu kwa dakika kumi. Hawa watu wasio na asili ndivyo walivyo, alisema wa kaskazini. Ndivyo walivyo, akaitikia wa kusini. Wamezoea kughushi, wanauza kila kitu, sasa wanataka kutuuzia babu zetu. Mzee Samatar na Dakta Guled walitazamana na kucheka. Nafasi ya kumi na mbili wakaipitisha pale pale, bila ugomvi, kwa mpwa wake Guled, ambaye hakuwa mkimbizi wa popote, alikuwa Dubai akiuza manukato, na Mzee Samatar akaahidiwa upande wake utakumbukwa safari nyengine. Kisha wakanawa tena wakala. Walikula wali wake, walikula ndizi zake, wakaagiza chai. Bi Batuli aliwapikia chai. Nilimwona akiipima sukari kijiko kijiko, kama kila Ijumaa, na mimi nikatoka uani nikatapika kando ya chungu chake cha mofa.

Kanda moja zaidi ilikuja, Khadija anauliza swali lake. Iliyofuata ilikuwa na sauti ya mwanamke mwengine, jirani wa kambini, aliyeanza kwa kusoma Fatiha. Ilikuwa masika, hema lilikuwa limelala majini, na kifua hakikuhimili. Bi Batuli aliisikiliza mpaka mwisho, akaitoa, akaiweka kabatini pamoja na nyengine, akaniomba nimpishe apate kusali. Ijumaa ile Kamati haikuja, ilikuwa imeshavunjika kwa ugomvi wa nani aitwe katibu.

Watu wa Ansab wananisifu kwa kumtunza Bi Batuli. Zuwena kamchukua mpishi wa ami yake kama mama yake, wanasema, hana ubaguzi. Nikisikia sifa hizo natamani ardhi inifiche. Mwaka jana, alipokuwa hawezi tena kusimama, nilikaa kitandani pake nikamwambia nilichokwishajua kwamba anakijua. Alinisikiliza akinipapasa mkono.

"Yameshapita, mwanangu. Ila ungenambia kabla hujaandika, ningekupa babu wa kweli. Nnao kumi na wanane."

"Unao?"

"Kwani mimi nimeota kama uyoga?" akacheka, akaanza kukohoa. "Hukuuliza. Wao hawakuuliza, na wewe hukuuliza."

Akanitajia wote, mmoja mmoja, na mtaa alioishi kila mmoja na kazi yake, wafumaji, mwalimu wa madrasa, mmoja nahodha. Nikawaandika kwenye daftari la shule la mjukuu wangu.

Ukurasa wa Dakta Guled niliuandika kwenye meza ya jikoni kwa mkono, kwa herufi kubwa, kwa sababu macho yake ni ya kizee. Nilianza na jina la Batuli na nduguye Khadija, kisha babu zao kumi na wanane. Chini yake nikaandika kwamba Khadija alifia kambini akisubiri nafasi ya kumi na mbili, na kwamba walioipitisha nafasi hiyo kwa mwengine ni hawa wafuatao. Jina la kwanza likawa la mwenyekiti. Mwisho kabisa nikaandika jina la karani. Mwanangu mkubwa alimpelekea karatasi, imekunjwa.

Namjua Guled, akipewa karatasi mbele ya watu hawezi kuisoma kimya kwanza. Upande wa wanawake tuliisikia sauti yake kwenye kipaza sauti, nzito, ya hotuba, ikianza na Bismillahi. Aliwasoma babu wa Bi Batuli wote kumi na wanane, na wanawake wa Kibarawa waliokuwa wamekaa ukutani waliacha tasbihi, mmoja wao akawa anamrehemu kila babu anayetajwa. Akasoma kambi. Akasoma nafasi ya kumi na mbili, "iliyopitishwa kwa mtu mwengine na," na hapo sauti ikakatika. Tulisikia kukohoa, kisha mtu akazima kipaza sauti.

Aliishia kwenye jina lake. Langu lilikuwa mwisho, hakulifikia. Wanawake walinitazama, wakidhani nitasikitika kwamba ukurasa haukusomwa wote. Nikalifungua daftari la mjukuu wangu, palipokuwa na nakala ya ukurasa ule, nikainuka katikati ya mkeka, nikaanza kuwasomea kutoka pale alipoachia, mpaka kwa karani, jina lake, la baba yake, na kabila lake lenye sahihi ya sheikh.